Matambara nayo ni kumbukumbu

Msomaji mmoja ameandika chini ya makala yenu kwamba kumbukumbu ya maana ni majina kwenye jiwe, si “matambara”. Nami nina langu: makala imetaja wasanii wa Kiyahudi wanaounganisha picha kuukuu, barua na vitambaa ili kuwaenzi wazee wao waliouawa na Wanazi wa Hitler, halafu ikamruka Esther Nisenthal Krinitz! Mama huyu mzaliwa wa Poland hakusomea sanaa, alikuwa fundi wa kushona nguo. Mwaka 1977, akiwa na miaka 50 na anaishi Marekani, alianza kushona picha ya kijiji chao, Mniszek, ili mabinti zake waone alikotoka. Alipofariki mwaka 2001 aliacha picha 36 za vipande vya vitambaa na nyuzi za rangi.

Oktoba 1942 Wayahudi wa pale waliamriwa na Wanazi waende stesheni ya treni mjini Krasnik. Esther, binti wa miaka 15, aligoma, akaondoka na mdogo wake Mania. Wawili hao hawakuwaona tena wazazi na ndugu zao wengine.

Picha inayonishika zaidi ni ile ya bustani, 1943, anajifanya Mkatoliki ili asijulikane kuwa ni Myahudi. Askari wawili wa Kijerumani wanamsemesha, mara nyuki wakawavamia wao, yeye wakamwacha! Chini yake maelezo yametariziwa herufi kwa herufi, kama jina la kanga.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika kwamba “matambara” si kumbukumbu ya maana, hapana. Majina kwenye jiwe sawa, yawepo. Ila jiwe halikuonyeshi watu walivaa nini siku ya kuagana.

Mhariri, mkirudia mada hii wekeni picha kubwa, kwenye simu nyuzi hazionekani.