Mbio za matarishi zishindwe kwa akili, si kwa kuvuka taa nyekundu

Wanaozipinga mbio za baiskeli za mitaani huanza na taa nyekundu, na wana haki. Mwaka 2008 mshindani mmoja aligongwa na gari katika makutano ya barabara mjini Chicago, mbio zikiendelea, akafariki. Mimi nazipenda sana mbio hizi, na ndiyo maana nawalaumu wanaozipanga.

Mbio hizi huitwa alikati, jina zililolipata Toronto, Kanada, mwaka 1989, na zilizaliwa na kazi yenyewe ya tarishi wa baiskeli, anayepeleka barua na vifurushi mjini. Njia haipangwi na mtu. Unapewa karatasi ya vituo muda mfupi kabla ya kuanza, na kila unapofika inapigwa muhuri. Mtazame tarishi mzoefu wakati huo. Wengine wanakimbilia baiskeli; yeye amechuchumaa, karatasi gotini, anaandika namba pembeni ya kila anwani. Anajua jengo lipi lina mlango wa nyuma wa mizigo, mtaa upi ni wa njia moja, daraja lipi lina mwinuko wa kumaliza miguu. Akinyanyuka, nusu ya ushindi anayo tayari.

Ujuzi huo ndio unaostahili zawadi. Ukipanga vituo vinne kwenye barabara moja iliyonyooka, umeufuta. Atashinda asiyeogopa kufa. Tawanya vituo kila upande, mwambie mtu afunge baiskeli, apande ngazi, arudi na jibu la swali. Hapo sekunde za kuiba kwenye taa hazina thamani tena.

Mbio za Monster Track za New York zilijijengea jina kwa baiskeli zisizo na breki, ambazo pedali haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka. Mwendeshaji huzisimamisha kwa nguvu za miguu. Ni ustadi mkubwa, naukubali. Kuufanya sharti la kushindana sikubali.

Tena miji haikosi sababu ya kuwafukuza watu hawa. Mwaka 1987 meya wa New York, Ed Koch, alitaka kuziondoa baiskeli mchana kwenye barabara tatu kuu za Manhattan. Matarishi waliandamana, na marufuku ile haikusimama.

Kwa hiyo anayepanga mbio azipite kwanza yeye mwenyewe, akisimama kila taa. Akiona anayefuata sheria hana namna ya kushinda, abadilishe vituo kabla ya kugawa karatasi.