Makato madogo madogo ndiyo yanayotumaliza

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema kulipa kwa simu kunatufanya tutumie zaidi kwa sababu hatuioni pesa ikitoka. Kwa upande wangu ni kweli. Zamani noti ya elfu kumi tuliiogopa kuivunja, maana ukishaivunja tu chenji inayeyuka. Sasa umeme wa LUKU, bando, king'amuzi, hata nyanya za gengeni, vyote ni kubonyeza namba ya siri.

Lakini kinachoniuma zaidi ni makato ya miamala ya simu. Tozo ya serikali kwenye miamala hiyo ilipoanza hapa Tanzania Julai 2021 wananchi tulilia hadi serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Hata hivyo, kutoa pesa kwa wakala bado kuna gharama yake. Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulizipitia meseji zote za miamala, tukaandika kwenye daftari. Jamani, makato peke yake yangenunua kilo tano za mchele! Tulikuwa tunatoa elfu tano tano karibu kila siku. Sasa tunatoa mara moja kwa wiki, hela ya mboga inakaa kwenye kopo jikoni, na watoto wenyewe wanaiona ikipungua.