Mshipa wa damu si bomba

Kwenye matanga ya mjomba wangu huku Umoja, aliyefariki kwa mshtuko wa moyo, mzee mmoja alikunja kiganja kikawa kama bomba, akaliziba tundu kwa kidole gumba. "Mafuta hayo," akasema. "Nyama kila siku." Mke wa marehemu alikuwa ameketi papo hapo. Ndiye aliyempikia miaka yote. Iliniuma sana, na bado inaniuma, kwa sababu habari hiyo ni nusu tu.

Nusu ya pili imemchukua Peter Libby, daktari wa moyo wa Boston, karibu maisha yake yote ya kazi. Alipoanza, wengi waliona mshipa kama mfereji wa kupitisha damu, basi. Mwaka 1986 yeye na wenzake walionyesha kwamba seli za ukuta wa mshipa zenyewe zinaweza kutengeneza intalukini-1, kemikali ambayo kinga ya mwili huitumia kupiga kamsa. Kolesteroli ikipenya ukutani, chembe nyeupe za damu hufika kuimeza. Huimeza hadi zikajaa matone ya mafuta, na kwa darubini zinaonekana kama povu. Haziondoki. Zinaendelea kuchokoza, na kemikali zao hula utando unaofunika donge la mafuta lililojengeka ukutani. Utando ukipasuka, damu huganda juu yake ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mtu ambaye mshipa wake haujabanwa sana anaweza kuanguka ghafla akisubiri matatu.

Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2017, miaka 31 baadaye. Libby alikuwa miongoni mwa waliofanya utafiti huo, ukiongozwa na mwenzake Paul Ridker. Zaidi ya wagonjwa 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo walishiriki. Sindano ya kuzuia intalukini-1 ilipunguza jumla ya mishtuko, viharusi na vifo vya moyo kwa takriban asilimia 15, bila kushusha kolesteroli. Ilikuwa na gharama yake: vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo. Sasa kolchisini, dawa ya zamani ya jongo (gauti) ambayo nayo hutuliza uchokozi huo wa kinga, imeidhinishwa Marekani tangu 2023 kwa ajili ya moyo.

Simwambii mtu aache kupima presha wala aendelee na sigara. Mafuta yamo kwenye kesi hii. Ila naomba tusimhukumu mjane kwa sufuria yake.

Jumapili nilimchorea haya kwenye karatasi: ukuta, si tundu. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake.