Ganda la Muwa na Mtaji wa Akili Bandia

Siku hizi ukitaka kuimaliza kampuni changa mbele ya wawekezaji, iite "ganda". Maana yake haina modeli yake ya akili bandia, ule mfumo unaotunga majibu: imekodi ya kampuni kubwa kama OpenAI, Anthropic au Google, ikaivalisha sura nzuri na vitufe viwili vitatu, sasa inatoza ada ya mwezi. Mwenye modeli akiamua kuuza kitu hichohicho mwenyewe, kwisha habari yake.

Tusi hili lina ushahidi. Oktoba 2022 Jasper, iliyouza programu ya kuandika matangazo ya biashara kwa kutegemea modeli za OpenAI, ilikusanya dola milioni 125 na kupewa thamani ya dola bilioni 1.5. Tarehe 30 Novemba OpenAI ikaitoa ChatGPT, tena bure. Katikati ya 2023 Jasper ilikuwa inapunguza wafanyakazi.

Hesabu nayo ina mtego. Programu ya kawaida ikishaandikwa, kumhudumia mteja mmoja zaidi ni karibu bure. Hapa kila swali linakula umeme na chipu, na bili humfuata aliyekodi. Chukua mteja anayelipa dola 20 kwa mwezi. Akishinda humo kutwa, anaweza kuigharimu kampuni dola 30, kwa hiyo kadiri anavyoipenda ndivyo anavyoitia hasara. Mwekezaji anayeoneshwa grafu ya watumiaji, asiulize kila mtumiaji anabakiza nini, asimlaumu mtu baadaye.

Yote hayo nayakubali. Lakini wengi wanaolirusha tusi hili hawajachungulia ndani ya ganda lenyewe, na ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Kivuno chenyewe kiko kwenye utafiti ambao watu huunukuu juujuu. Mwaka 2023 watafiti wa uchumi Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa ripoti kuhusu wahudumu wa wateja 5,179 wa kampuni moja kubwa ya programu. Mteja anaandika tatizo lake. Pembeni mwa skrini ya mhudumu panatokea pendekezo la jibu, naye ana hiari ya kulitumia, kulirekebisha au kulipuuza. Matatizo yaliyotatuliwa kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 14 kwa wastani. Vichwa vya habari viliishia hapo.

Mimi namba inayoninyima usingizi ni 34. Hiyo ndiyo asilimia waliyopanda wageni wa kazi na wale wenye ujuzi mdogo. Wakongwe hawakusogea sana. Mhudumu wa miezi miwili mwenye chombo hicho alifanya kazi sawa na wa zaidi ya miezi sita asiye nacho. Ile miezi minne ilitoka wapi? Chombo hakikuwa modeli tupu. Kilikuwa modeli ya ukoo wa GPT, zile za OpenAI, juu yake kikafunzwa mazungumzo ya kazi ileile, huku mazungumzo ya wahudumu bora yakiwekewa alama. Yale ambayo mkongwe anayajua bila kuyaandika popote, kama swali la kuanza nalo, au namna ya kumtuliza mteja aliyekwisha kukasirika, yalifika kwenye skrini ya mtu aliyeajiriwa juzi. Kwa maana ya wawekezaji, hilo ni ganda! Na mwenye modeli, kwa utajiri wake wote, hana mazungumzo hayo. Anayo aliyeruhusiwa kuingia kazini na kuyakusanya. (Kama wakongwe walilipwa chochote kwa ujuzi wao kugeuzwa somo la wengine, hilo ni deni ambalo sekta nzima inalikwepa.)

Namba hiyohiyo inamfunga mikono muuzaji pia. Faida ikiwa kwa wageni, soko lake ni mahali ambapo watu huajiriwa na kuondoka kila mara. Akiipeleka kwa wataalamu wa miaka 20 atauza hewa. Tena mgeni hujifunza mara moja. Akishafika alipo mkongwe, mwaka wa pili unamuuzia nini? Ninavyoona, anayeokoka ni yule ambaye chombo chake kinaendelea kujifunza kutokana na masahihisho ya kila siku. Anayelinda siri ya maelekezo aliyoiandikia modeli hana anacholinda.

Bei nayo imemwendea vizuri mpangaji kuliko mwenye nyumba. Modeli ya OpenAI iitwayo GPT-4 ilipotoka Machi 2023, kuiingizia tokeni (vipande vya maneno) milioni moja kuligharimu dola 30. Mei 2024 modeli yao mpya, GPT-4o, ikaja kwa dola 5. Aliyekodi hakutoa senti ya utafiti, na malighafi yake ikashuka hadi sehemu ya sita. Mpinzani wake kapata punguzo hilohilo, ndiyo, na wateja watadai sehemu yao. Ila linganisha na upande wa pili: Inflection, waliojenga modeli yao wenyewe, walikusanya dola bilioni 1.3 mwezi Juni 2023. Machi 2024 mwanzilishi mwenza Mustafa Suleyman na wenzake wengi walihamia Microsoft. Kumbe hata kumiliki modeli hakukuwa ngome.

Kwa hiyo swali la "mna modeli yenu?" ningelitoa kwenye orodha. Ningeomba nioneshwe rekodi ya mapendekezo ambayo watumiaji waliyakataa mwezi uliopita, waliandika nini badala yake, na ni kiasi gani cha masahihisho hayo kimerudi kwenye chombo. Kisha ningeomba mkataba na mteja mkubwa kuliko wote, nikafungue kifungu kinachosema mazungumzo hayo ni mali ya nani. Kikisema ni ya mteja, na siku akiondoka anaondoka nayo yote, hapo hata mimi nitakubali kuiita ganda.