Mwacheni rubani aizunguke ndege yake

Ukisafiri kwa ndege ndogo kutoka Mombasa au Ukunda, utamwona rubani akiizunguka ndege kabla ya safari. Anakagua matairi, anachezesha mkia kwa mkono, anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa na kuyatazama kwenye mwanga. Na mara nyingi utasikia abiria wakinung'unika: "Mbona hatuondoki?" Mimi nasema mtu huyo asiharakishwe hata dakika moja. Kampuni ikimpangia ratiba isiyompa nafasi hiyo, kosa ni la kampuni kabla halijawa lake.

Yale mafuta anayokinga yana uzito wake hasa kwetu pwani. Hewa yetu ina unyevu, na tangi lililolala nusu tupu huweza kutoa jasho kwa ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo hutuama chini, karibu na pale injini inapovuta. Petroli iliyozoeleka kwenye ndege za injini ya pistoni hutiwa rangi ya samawati. Maji yakiwemo, utayaona yamejitenga chini ya kikombe, hayana rangi. Asipoyaona hapo, injini inaweza kuzimika akiwa ndiyo kwanza anapita juu ya minazi.

Tunao pia nyigu wa udongo, wanaopenda kujenga ndani ya kile kijibomba cha kupimia kasi. Ndiyo maana huvishwa kifuniko chenye utepe mwekundu, ambacho nacho kikisahaulika rubani hupaa bila kujua kasi yake.

Tukisikia ajali ya namna hii, wepesi wetu ni kusema rubani alikuwa mgeni wa kazi. Hapo ndipo sikubaliani kabisa. Oktoba 1935, kule Ohio, Marekani, marubani wa majaribio waliobobea walipaa na Boeing Model 299 bila kufungua komeo linalokaza mkia usitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Ndege ikaanguka, na wawili wakafa. Kuanzia hapo ndipo orodha ya ukaguzi iliposhika mizizi katika urubani.

Mei 2014, karibu miaka 80 baadaye, komeo la aina hiyo hiyo likaua watu 7 huko Bedford, Massachusetts, katika ndege ya kifahari ya Gulfstream. Marubani wake walikuwa wameruka pamoja kwa miaka mingi. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za ndege, walikuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, usukani ulikaguliwa kikamilifu mara 2 tu. Mazoea ndiyo yaliyowapa ujasiri wa kuruka hatua.

Kwa hiyo nataka wenye ndege hapa Pwani wauandike muda wa ukaguzi ndani ya ratiba, na rubani atakayechelewesha safari kwa sababu hiyo asitakiwe kujieleza kwa mtu. Nasi abiria tukae tumngoje. Lamu haihami.