Jeni la kasi Wakenya karibu wote wanalo, mbona medali zao ni za mbio ndefu?

Kila msimu wa marathoni ubishi hurudi pale pale: Mkalenjini, wa jamii ya Bonde la Ufa nchini Kenya, anashinda kwa damu au kwa mazoezi?

Wanaosema ni damu wana hoja nzito. Wakalenjini ni milioni sita na ushee kwa sensa ya Kenya ya 2019, lakini medali walizochota hazilingani kabisa na idadi yao. Ukivuka mpaka hadi Kapchorwa, Uganda, unawakuta ndugu zao Wasebei, na huko ndiko alikotoka Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020 kwa 12:35.36. Kuna na umbo. Watafiti kutoka Denmark walipima vigimbi vya vijana wa Kikalenjini wakavikuta vyembamba kuliko vya wenzao wa Ulaya. Si jambo dogo hilo: ukiongeza gramu 100 kwenye kila kiatu, mwili hutumia oksijeni zaidi kwa takribani asilimia 1, na kwa mtu anayemaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 5 hiyo ni karibu dakika nzima. Mguu mwepesi ni akiba kwa kila hatua.

Tatizo ni kwamba Iten, mji wa wakimbiaji wa Kikalenjini, upo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya oksijeni hupungua kwa karibu robo, na Kapchorwa nayo imekaa mabegani mwa Mlima Elgon. Ukoo na mwinuko vinatembea pamoja. Ukimpima kijana aliyezaliwa huko, akakulia huko na kufanya fatleki (mbio za kubadilisha kasi) huko kila wiki, utatenganishaje alichorithi na alichojengewa na mahali?

Jeni inayotajwa zaidi ni ACTN3, inayotengeneza protini ya nyuzi za misuli ya kasi. Karibu asilimia 18 ya Wazungu hawana kabisa protini hiyo. Kwa Wakenya ni kama asilimia 1 tu. Kama jeni hiyo peke yake ingeamua, Kenya ingejaa wakimbiaji wa mita 100. Kwa miaka mingi haikuwa nao, hadi Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 mwaka 2021. Jamaika, yenye jeni hiyo hiyo kwa wingi, ina mashindano ya riadha ya shule za sekondari tangu 1910. Hapo ndipo ningeanza kutafuta jibu.

Kurithi kupo, sikatai. Utafiti wa HERITAGE wa Marekani na Kanada uliwafundisha watu wa familia za Kizungu kwa wiki 20, kwa programu moja. Uwezo wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa wastani wa karibu mililita 400 kwa dakika, lakini wapo ambao hawakupanda hata kidogo na wapo waliopanda kwa lita nzima. Karibu nusu ya tofauti hiyo ilifuata familia. Na hao wote ni wa rangi moja! Kinachorithiwa kinatoka kwa baba na mama; rangi ya ngozi haikuambii nani kakipata. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, kwa hiyo kusema "Waafrika wamezaliwa wakimbiaji" ni kuwatia kapu moja Mnandi wa Kenya na Myoruba wa Nigeria, kisha kumnyang'anya bingwa kilomita zake 200 za kila wiki.

Madhara ya dhana hiyo yanaonekana kwenye vipimo vya jeni kwa mate wanavyouziwa wazazi. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lilisema wazi kuwa havifai kuteua vipaji. Mtoto wa Kenya akipimwa ACTN3, karibu kila mara atajibiwa kuwa ana jeni ya kasi, kama jirani yake, na kama yule asiyeweza kumaliza mizunguko minne. Hapo kocha hapati cha kumsaidia kuchagua. Ampime mita 3,000, amfundishe wiki 12, ampime tena uwanja ule ule, saa ile ile ya asubuhi, kabla jua halijawa kali.