Leso, Mtoto wa Jicho na Kitabu cha Binti Yangu

Rafiki yangu, ambaye kila baada ya Magharibi tunakaa baraza moja, ameshaisimulia habari hii kwa nusu ya Mkomani na Langoni yote, mitaa ya mji wetu wa Lamu, na katika masimulizi yake mimi niliandika tusi ukutani kwa rangi ya mafuta, nikaangusha sinia la kahawa mbele ya wageni, kisha nikakimbilia Mokowe kwa boti ya kwanza. Naona ni haki yangu kuieleza mwenyewe kabla haijafika Faza. Ukutani sikuandika kitu. Sinia sikuliangusha. Ama kuhusu Mokowe, nilifikiria tu.

Mnaonijua mnajua kwamba ninaishi nyumbani kwa mama mkwe, kwa kuwa hapa Lamu, kwa desturi ya kale, mume ndiye anayehamia kwa mke, wala si vinginevyo. Mtu anayeishi hivyo hujifunza kufunga mlango polepole, kusifu kila chungu kinachoepuliwa, na kutogusa kitu asichojua asili yake. Katika haya matatu, mawili nilikuwa nimefuzu.

Binti yetu alipotimiza miezi mitano, muuguzi wa kliniki ya watoto alituambia kwamba mtoto hasubiriwi aanze kusema ndipo asomewe. Asomewe sasa, aimbiwe, achezewe, kwa sababu sauti ya mzazi na uso wake ndivyo vitu vya kwanza anavyovisoma. Nilipofika nyumbani nikapekua kwenye simu, nikakuta kuwa hata chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu wanapozaliwa. Nikaona nimeshachelewa miezi mitano, na mimi si mtu wa kuchelewesha kazi, ingawa wateja wangu wa milango wanaweza kuwa na maoni mengine.

Kwa kuwa kitabu cha watoto sikuwa nacho, nilianza na daftari langu la kazi. Nilimpakata, nikamsomea kwa sauti ya kupanda na kushuka: mlango wa mbambakofi, futi saba kwa futi tatu na nusu, nakshi ya maua kwenye kizingiti, nusu ya malipo imepokewa, salio bado. Alinisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuupata kwa mteja yeyote, na tulipofika kwenye salio alicheka. Siku ya tatu akanyosha mkono, akaichana ile karatasi na kuitia mdomoni, na kabla sijamfungua taya, deni la mtu mmoja wa Shela lilikuwa limekwisha kuliwa. (Kama unasoma hapa, bwana, deni nalikumbuka.)

Muuguzi aliponisikia alicheka, akasema kwamba katika umri huo mdomo ndio unaochunguza, na kwamba mtoto anayekitafuna kitabu anakisoma. Akanishauri nimtengenezee kitabu cha kitambaa: kisiwe na vifungo wala shanga za kumkaba koo, kifulike, kiwe na nyuso za watu, kwani watoto wachanga hupenda nyuso kuliko picha nyingine yoyote, na kiwe na weusi na weupe uliokoza. Mtoto anapozaliwa, alieleza, huona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 tu mbele yake, yaani kutoka titini hadi usoni mwa mama, na mistari minene myeusi juu ya weupe ndiyo inayomkamata jicho upesi. Wa miezi mitano huona mbali zaidi, lakini mistari hiyo bado humvutia.

Usiku ule mke wangu alipolala nilikwenda kwenye furushi la matambara ya mtoto, zile leso, yaani kanga, kuukuu zinazochanwa kuwa mbeleko na winda, nikachomoa kipande cha leso nyeupe chenye maandishi meusi. Nawaomba mnifahamu hapa, maana hapa ndipo nilipojichimbia. Mimi ni mchonga milango. Miaka kumi na minne macho yangu yamefundishwa kuona mkato, pindo na nafasi kati ya mistari, na fundi wangu alikuwa akinifundisha kunakili nakshi nikiwa nimeipindua juu chini ili nisidanganywe na maana yake. Nilipoyatazama maandishi yale sikuona neno hata moja. Niliona weusi na weupe uliokoza.

Nikakata vipande vitatu vya mraba. Nikavipindua, na maandishi yalipokuwa juu, kichwa chini miguu juu, yakawa pambo zuri la kichwani: kwenye ukurasa wa mke wangu yakawa mtandio, kwenye wangu yakawa kofia iliyodariziwa, na kwenye ukurasa wa bibi yake yakawa ushungi. Chini yake nikadarizi nyuso kwa uzi mweusi. Ili binti asije akamchanganya bibi yake na mtu mwingine, nikamtia miwani, na puani nikamtia kipini. Nikaweka sufi kidogo ndani ya kila ukurasa, nikashona kwa cherehani ya mke wangu, na pindo la leso nikalifanya mkanda wa kushikia. Adhuhuri ya siku ya pili kitabu kilikuwa kimeshalowa mate hadi kwenye sufi.

Kwa wiki mbili nilikuwa mkwe mwema kuliko wote katika mji huu. Binti alikishika kutwa. Tulikuwa na mchezo wetu: naufunika ukurasa kwa kiganja, nauliza, "Bibi yuko wapi?", kisha naondoa mkono, "Huyu hapa!", naye hupiga miguu na kupayuka kama kwamba bibi amerudi kutoka Hija. Mama mkwe, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, alikipapasa kile kitabu kwa vidole, akaukuta uzi wa miwani na uzi wa kipini, akaniombea dua ndefu. Wiki ile nililishwa wali wa samaki wa kupaka mara tatu.

Kisha akapelekwa Mombasa kupasuliwa. Boti hadi Mokowe, basi mchana kutwa, siku kadhaa za kutiwa dawa, na Jumamosi iliyopita akarudi anaona. Anaona, nawaambieni. Alipopanda ngazi ya gati alimwonyesha mkewe nahodha kwamba mtandio wake una tundu.

Jumapili baada ya Alasiri wanawake wa mtaa wakaja kumpa pole na hongera. Wakakaa kwenye msana, kile chumba kirefu cha ndani, kuna halwa, kuna kaimati, na mimi kazi yangu ilikuwa kuleta kahawa hadi kwenye pazia, ambapo mke wangu angelipokea sinia ili nisiingie katikati ya wanawake. Nikasimama nyuma ya pazia na sinia mikononi, vikombe sita, buli la shaba katikati, nikisubiri. Pazia lilikuwa na mwanya wa vidole viwili.

"Nipeni chochote nisome," mama mkwe alikuwa akisema. Wakampa karatasi ya halwa, akaisoma mpaka uzito wake. Wakampa chupa ya dawa ya macho, akayasoma yale maandishi madogo kama chungu, wote wakapiga makofi. Hapo akamtazama mjukuu wake aliyekuwa mapajani, na kitabu kikiwa kinywani.

"Na hiki kitabu changu!" akasema. "Baba yake amenishona humu, nami hata sijawahi kujiona."

Akakivuta taratibu. Mtoto akakatalia, kikavutwa tena, kikatoka kikiwa kimegeuka, kwa kuwa mtoto wa miezi mitano hajui juu wala chini ya kitabu. Uso ukawa juu, ushungi ukawa chini. Nami nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza tangu nimshone, nikayaona maandishi ya ushungi ule yakiwa wima.

Kulikuwa na mate kwenye herufi za mwisho. Mama mkwe akayafuta kwa kidole gumba, kwa upole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya harusi. Akakiweka kitabu mbali kidogo, akakirudisha karibu.

"Ha," akasoma.

Wanawake wakatabasamu wakisubiri. Mimi nikahesabu herufi zilizobaki.

"Si."

Nilitaka kukohoa. Nilitaka kuita moto. Mikono ilikuwa na sinia, na buli lilikuwa limeanza kugonga vikombe kwa sauti ndogo ya kengele, ti ti ti.

"Di," akamaliza. Kisha, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mdogo kwamba silabi husomwa mojamoja na baadaye huunganishwa, akaunganisha, kwa sauti ya kutosha kusikika kiwandani, yaani uani mwa nyumba: "Hasidi."

Akakigeuza kitabu kuona ni picha ya nani. Akaiona miwani. Akaigusa miwani yake. Akakiona kipini. Akakigusa kipini chake.

Hakuna aliyesema neno. Huko chini njiani kulipita punda aliyebebeshwa mchanga, nikasikia kila kwato. Shangazi yake mke wangu, mtu wa kutaka uhakika, akakichukua kitabu na kufunua kurasa nyingine, akasoma "Hana" juu ya uso wa mke wangu, na juu ya uso wangu akasoma "Sababu", kisha akayarudia yote matatu kwa mpangilio, taratibu, kwa faida ya waliokaa mbali.

Mtaniambia kwamba hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi. Hapana. Kwenye kona alikuwa amekaa jirani yetu, ambaye nyumba yake imeungana na yetu kwa wikio, kile kidaraja cha juu ya njia, na mlango wa wikio lile, mimi nikiwa bado sijaoa katika nyumba hii, uliwahi kufungwa kwa kufuli kwa sababu ambayo sikuambiwa. Bibi huyo alinyosha shingo, akakikazia macho kitabu cha mtoto, akasema polepole:

"Leso hii naijua mimi."

Mama mkwe akashughulika na kaimati.

"Ilipita mlangoni kwangu mara saba siku moja," jirani akaendelea. "Nikajiuliza, mwenzangu leo ana safari gani nyingi hivi?"

Basi nikafahamu, nikiwa na sinia langu, kwamba nilikuwa nimechukua silaha ya vita vilivyokwisha, nikaikata vipande, nikaitia sufi, na kumpa mtoto aitafune mbele ya pande zote mbili. Wale mnaoniuliza kwa nini sikuondoka: pazia lilikuwa la rangi nyepesi na miguu yangu ilikuwa ikionekana.

Aliyetuokoa ni binti. Alikinyakua kitabu chake kutoka kwa shangazi, akautia ukurasa wa bibi yake mdomoni, akapiga ukelele wa furaha na kutema povu. Jirani akaanza kucheka, cheko la tumbo, hadi akalazimika kufuta macho kwa ncha ya buibui. Shangazi akafuata, wengine wakafuata, na mwisho mama mkwe naye akacheka, ingawa yeye alicheka akitazama pazia.

Yaliyobaki si marefu. Mke wangu alinipokea sinia bila kunitazama. Usiku niliomba radhi, nikasamehewa kwa maneno. Siku mbili chakula kililetwa kikiwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi papa. Nimeufumua ukurasa ule na kushona mwingine, mweupe, wenye miraba na duara nyeusi tupu, na mtoto hautaki. Anautupa, analia, anatafuta ule wa zamani uliojaa mate yake. Jirani ametuletea sahani ya mkate wa sinia kupitia wikio, na juu yake ameifunika kwa leso ambayo mke wangu ameikunja haraka kabla sijaisoma.

Lakini nilisahau jambo moja, nami nimekulia pwani hii na sina udhuru. Leso huuzwa jozi. Niliyoikata ilikuwa moja.

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa kiwandani nakunywa chai na mahamri, binti akiwa kwenye mkeka, mama mkwe akatoka jikoni. Alikuwa amejifunga leso nyeupe, mpya kabisa, iliyokuwa bado na mikunjo ya sandukuni na harufu ya udi. Akapita mbele yangu kwenda mtungini. Akarudi. Akaenda tena, hatua za taratibu, maandishi yakiwa yamenyooka chini ya mgongo, hakuna herufi iliyopotea kwenye mkunjo. Mara ya tatu akasimama, akanipa mgongo kwa muda mrefu, kisha akageuza kichwa.

"Umeweza kusoma, mwanangu," akaniuliza, "au nawe tukupeleke Mombasa?"